Nani Anaishi Nyumba Namba Tisa?

Bungeni, London
15 Mei 1989

Dada Brenda,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto ambalo London haijalizoea. Sisi hatujambo. Mke wangu Penelope anakusalimu. Binti yetu Harriet alianguka kutoka kwenye farasi wiki iliyopita, hakuumia, amenuna tu. Mama je, magoti yanamwacha alale? Mwambie ile picha yake na Harriet iko mezani kwangu ofisini na kila mgeni anaiulizia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mama iko pale mlangoni na masikio yake unayajua. Ni jambo dogo la karatasi. Karibuni kila nyumba itapata fomu ya hii kodi mpya. Mtu mmoja, ambaye fomu inamwita mwenye dhamana, anatakiwa kuandika majina ya watu wazima wote wanaoishi humo na kutia sahihi. Kwa nyumba namba tisa mwenye dhamana ni mama. Naomba ukae naye siku hiyo uhakikishe jina langu linaandikwa chini ya lake. Chumba changu cha nyuma bado kipo, vitabu vyangu vimo, na kwa taratibu za huku hapo ndipo makazi yangu makuu. Kodi yangu nitalipa mwenyewe, mama hataguswa.

Usimweleze mengi, atachanganyikiwa bure.

Mdogo wako,
Raymond


Bungeni, London
26 Juni 1989

Dada Brenda,

Natumaini kimya chako ni cha kazi na si cha ugonjwa. Huku sote wazima, Harriet amerudi kwenye farasi.

Nijibu hata mistari miwili. Fomu imefika? Ameshaijaza?

Raymond


Hollinbeck, Yorkshire
9 Julai 1989

Raymond mdogo wangu,

Hatujambo. Magoti ya mama yanamsumbua akipanda ngazi tu, na ngazi hawezi kuziacha kwa sababu choo kiko juu. Mjomba Wilf tulimzika Alhamisi. Shada lako lilifika, kubwa kuliko jeneza, watu wakapanga foleni kusoma kadi. Mama alijivuna mpaka nikamwonea huruma.

Kimya changu ni cha kazi kweli. Kampuni ya kura za maoni imenipa mitaa mitatu. Nabisha hodi, natoa kadi zenye majibu, nasoma swali neno kwa neno, naandika ninachojibiwa, na uso wangu hauruhusiwi kusema chochote. Mwaka huu wanauliza habari za kodi na habari zenu ninyi. Mzee Tordoff, yule aliyekuwa dereva wa treni, nilimuuliza anawaamini wabunge kiasi gani. Akaichukua kadi, akaitazama mbele na nyuma. "Jibu langu hamkuliweka, mama. Andika hivi: wakiniambia leo Jumanne, naenda kuangalia kalenda." Nikaandika hivyo hivyo. Bi Pickles anasubiri nyonga mpya mwaka na nusu sasa. Swali lilikuwa kama serikali ipandishe kodi na kutumia zaidi hospitalini, au ipunguze vyote viwili. "Wapandishe," akasema. "Mimi sigombi kulipa, dada. Nagombana na mikono inayopokea."

Kila nyumba napewa chai, na kila nyumba ni hayo hayo. Wengi hawajui kwamba mimi, Bi Ogden mwenye ubao wa kuandikia, nilizaliwa Barraclough, dada wa mbunge wao.

Sasa fomu yako. Ilifika siku mbili kabla ya barua yako. Unamjua mama na karatasi za serikali: akavaa miwani, akafuta meza, akaandika na kutia sahihi kabla chai haijapoa. Jina ni moja. Niliipeleka posta mwenyewe. Alipofika kwenye mstari wa watu wengine wanaoishi humo aliniuliza, "Baba yako nimwandike? Bado nazungumza naye." Tukacheka. Wewe hakukutaja, Raymond, wala hakufanya makusudi. Tangu uchaguliwe umelala pale usiku mara mbili, na mara moja ni kwa sababu theluji ilifunga reli.

Kwa nini unataka kuandikwa pale? Nauliza tu, uso wangu hausemi kitu.

Brenda


Bungeni, London
24 Julai 1989

Dada Brenda,

Salamu. Pole kwa msiba wa mjomba, ningekuja kama si kura za wiki ile. Penelope ana mafua ya kiangazi.

Ningependa ungeniuliza kabla ya kukimbilia posta. Hebu nieleze mara moja tuyamalize. Sisi tunaotoka majimbo ya mbali tunapewa posho ya malazi London. Ili uipate, makazi yako makuu lazima yawe jimboni. Niliandika namba tisa. Wengi wanafanya hivyo, na ofisi inayohusika inasema mbunge mwenyewe ndiye anayejua makazi yake makuu ni yapi. Hakuna aliyeiba. Shida ni kwamba daftari la kodi hii liko wazi. Mtu yeyote anaweza kuingia halmashauri, akafungua ukurasa wa mtaa wetu, akakuta jina la mama peke yake.

Kuna fomu ya marekebisho. Septemba nakuja kuonana na wapiga kura, nitazungumza na mama mimi mwenyewe. Wewe usijisumbue.

Raymond


Hollinbeck
8 Oktoba 1989

Raymond,

Watoto wangu wanakusalimu, hasa Gillian, amepata kazi benki. Mama anakusalimu pia, na salamu yake ndiyo barua yenyewe, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Ulichagua wiki niliyokuwa Hull kwa kazi, siku tano. Sitaki kujua kama ulibahatisha. Niliporudi nikamkuta mama anakaanga maini na vitunguu. Nikafurahi, nikadhani amenikumbuka. Akaandaa sahani mbili. Nilipovuta kiti akasema, "Hapo si pako, Brenda. Hapo ni pa Raymond."

Nikamuuliza kama utakuja. Akasema hajui, lakini unaishi pale. Amesaini. Ulikunywa chai, ukamwonyesha mahali, akaweka jina lake, na chini ya sahihi kuna maneno kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Akaniambia, "Sijaidanganya serikali tangu enzi za vitabu vya mgao wa chakula wakati wa vita. Kama nimesaini kwamba anaishi hapa, basi lazima pawe na sahani."

Kila jioni saa kumi na mbili anapika, Raymond. Saa tatu anapanda zile ngazi, moja moja, na chupa ya maji ya moto, anaiweka katika kitanda chako, anateremka. Taa ya mlangoni haizimwi. Asubuhi chakula chako kinaliwa na mbwa wa Tordoff. Nilimwambia aache, akanitazama nikawa mdogo kama nimevunja dirisha. Anataka ile karatasi iwe kweli, na hana njia nyingine ya kuifanya kweli.

Wiki hiyo hiyo gazeti la hapa liliweka maneno yako, kwamba anayeficha jina kwenye fomu anamwibia jirani yake. Kodi yenyewe uliipigia kura ya ndiyo. Ninyi mnaiita mchango wa jamii. Mitaani kwangu inaitwa kodi ya kichwa, na watu wanaanza kuhesabu vichwa vya wenzao.

Nimekasirika. Naandika wazi ili usije ukasema hukujua. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano nikaingia kiwandani ili wewe usome, na sijawahi kukutajia hadi leo. Nenda kafute jina lako.

Brenda


Bungeni, London
20 Novemba 1989

Dada Brenda,

Mpe Gillian hongera. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeumia, ingawa hutaamini. Jina siwezi kulifuta sasa. Kulifuta ni kama kupiga mbiu. Mwambie mama asipike, nitamnunulia blanketi la umeme la kupasha kitanda joto, asipande ngazi na chupa. Krismasi nitakuja na kulala siku nne. Hapo atatulia.

Raymond


Hollinbeck
21 Januari 1990

Raymond,

Gillian mzima, mimi mzima. Mama si mzima.

Ulipiga simu tarehe ishirini na nne kusema wazazi wa Penelope wamewaalika ghafla. Hukujua, kwa sababu hakukwambia na mimi sikuwa na hamu ya kukwambia, kwamba tarehe ishirini na tatu alikuwa stesheni. Alisubiri treni tatu za kutoka London, amevaa koti la kanisani, kwenye lile benchi ambalo halina hata kioo cha kukinga upepo. Mfagizi wa stesheni ndiye aliyemleta. Siku ya pili ya mwaka mpya kifua kikambana. Daktari anasema ni mapafu. Alilala hospitali siku tisa, mbili za kwanza kwenye kitanda cha magurudumu ujiani kwa sababu wodi ilijaa. Bi Pickles alikuwa wodi ile ile, nyonga ameipata hatimaye. Akaniuliza mbele ya wauguzi, "Yule mbunge si mtoto wa huyu bibi? Mbona hajaja?" Nikasema sijui. Mama akajibu akiwa amefumba macho: "Anafanya kazi mpaka usiku. Yuko nyumbani."

Amerudi tangu wiki iliyopita. Hawezi kufika jikoni, kwa hiyo sasa ananituma mimi nikupikie.

Jumatatu ilifika barua ya halmashauri. Mtu amewaambia kwamba Raymond Barraclough haishi namba tisa. Hawasemi nani, na mtaani kwetu anaweza kuwa yeyote mwenye macho. Mwenye dhamana anatakiwa athibitishe ndani ya siku ishirini na moja, au aeleze. Na jana mwandishi wa gazeti, Bwana Illingworth, alibisha hodi kwangu, mpole kabisa, amevua kofia. Alitaka kujua mdogo wangu mbunge analala wapi. Nilimfungia mlango.

Nimeomba halmashauri waongeze siku kwa sababu ya ugonjwa. Wamekubali mpaka mwisho wa Machi. Hizo siku ni zako.

Brenda


Bungeni, London
19 Februari 1990

Dada Brenda,

Nimetuma matunda na gauni la kulalia, natumaini vimefika. Nilipiga simu mara tatu, mama alisema yu mzima na nisile chakula baridi. Najua unaona nimekawia kujibu.

Nisikilize kwa makini kisha uichome hii barua. Mama anachotakiwa kusema ni neno moja: ndiyo. Karani akija, ndiyo, mwanangu anaishi hapa, kazi inamweka London. Ni kweli kiasi hicho. Mwaka mmoja tu, kisha nitayapanga upya kimya kimya. Nikianguka sasa naanguka na kila kitu: kiti, nyumba, shule ya Harriet. Chama kinanitazama, watu mitaani wana hasira ya kodi na wanatafuta wa kumla.

Na lipo jambo sipendi kulisema ila lazima ulione. Fomu ya marekebisho ina sahihi moja. Si yangu. Kama ni uongo, sheria inamtazama aliyesaini. Sitaki mama afikishwe huko, na wewe pia hutaki. Kwa hiyo msaidie aseme ndiyo.

Raymond


Hollinbeck
25 Machi 1990

Raymond,

Gauni lilifika, limemtosha. Matunda yaliliwa na wauguzi wa zamu waliokuja kumchoma sindano nyumbani. Kifua kimepungua ila hana nguvu ya kusimama muda mrefu.

Barua yako sikuichoma. Niliiweka kwa mama, nyuma ya saa ya mezani, nikiwaza nikujibu nini, na kuwaza kwangu kukachukua karibu wiki nne. Jumatatu nilimkuta mama ameketi nayo mapajani, miwani machoni. Sikujua ameshaisoma mara ngapi. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja: "Hapa aliposema sheria inamtazama aliyesaini, ananitisha au ananionya?" Nikamwambia sijui, mama. Akasema, "Hata mimi nimeshindwa." Kisha akaniomba nimletee koti la kanisani.

Nilimkataza. Mvua ilikuwa inanyesha, na karani angekuja nyumbani tukimwita. Akasema hapana, uongo aliutolea sebuleni kwake akinywa chai, na hataki kuutengua akiwa ameketi starehe. Tukachukua teksi. Ukumbi wa halmashauri ulijaa watu waliokuja kugombana juu ya kodi, mmoja amebeba mtoto na bango. Walipomwona mama jinsi anavyohema wakatupisha mbele, hata mwenye bango. Jamaa mmoja akasema, "Bibi, na wewe umekuja kuwapa vidonge vyao?" Mama akamjibu, "Hapana, baba. Nimekuja kuchukua vyangu."

Karani dirishani alikuwa binti wa akina Gledhill. Mama alitoa mkoba, akatoa kitambulisho cha pensheni, akasema jina lake lote. "Mimi ndiye mwenye dhamana wa namba tisa, Mtaa wa Chapel. Septemba nilisaini kwamba mwanangu anaishi kwangu. Haishi. Nilijua wakati nasaini. Hakuna aliyenishika mkono."

Nilitaka kusema kwamba yupo aliyemshika. Akanikanyaga mguu.

Yule binti akaona aibu kuliko sisi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine bibi alikosea tu, fomu zenyewe ngumu, wazee wengi wamekosea, naye anaweza kuandika hivyo na faini isiwepo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, Raymond, na mtu mwema ameushikilia. Mama akasema, "Usiandike hivyo, mwanangu, utakuwa umedanganya na wewe." Akalipa pauni hamsini, noti tano za kumi, akaomba risiti.

Ikabaki kufuta jina. Binti akasema jina haliwezi kufutwa hivi hivi, lazima aandike mtu amehamia wapi, ili wa huko wamwandike. Akageuza karatasi, akashika kalamu. "Anaishi wapi sasa, bibi?"

Mama akaitazama ile kalamu. Miaka yote hii anakuandikia Bungeni, nami nakuandikia Bungeni, na simu unapiga wewe. Akasema, "Sijui. Hajanikaribisha."

Binti akaacha mstari ule wazi. Nyumbani mama hakuomba nikupikie. Amelala na taa ya mlangoni imezimwa, aliizima mwenyewe.

Bwana Illingworth alirudi jana. Na mimi nikamjibu sijui, nikagundua kwamba sikuwa nikimficha kitu. Amesema atarudi tena Jumamosi, tarehe saba Aprili.

Brenda


Namba 31, Barabara ya Larchfield
London
2 Aprili 1990

Dada Brenda,

Salamu. Harriet hajambo. Penelope anajua ninachoandika na hajanisemesha tangu jana.

Hiyo hapo juu ndiyo anwani. Ni nyumba ya matofali mekundu, lango la kijani. Kutoka stesheni ni dakika saba kwa miguu, kwa mama tuseme ishirini, ila nitakuwa stesheni. Chumba cha wageni kiko chini, hakina ngazi, na choo kiko jirani yake.

Msomee mama kwanza, polepole, namba na mtaa, akaujaze ule mstari kama anataka.

Halafu Bwana Illingworth akija Jumamosi, mpe na yeye anwani hii.

Raymond